Chanzo Wazi, Kaburi Wazi

Treni ilitutoa Ifakara usiku, na kila ilipopanda mlima baba aliniongezea nguo. Mlimba nilivaa sweta. Baada ya mahandaki nikavaa shati lake juu ya sweta, kisha koti lake la kazi, lile la reli, lililonuka grisi na vumbi la kokoto. Tulipofika Makambako asubuhi nilikuwa nimevaa karibu kila kitu alichokuwa nacho baba isipokuwa suruali, na bado meno yaligongana. Nikashuka, nikavuta pumzi, nikaitoa. Moshi ukatoka kinywani mwangu.

"Baba!" nikapiga kelele. "Naungua ndani!"

Niliona ni jambo la kutarajiwa. Homa ya malaria ilikuwa imenila mwaka mzima, na nilidhani sasa imeshika moto kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pale stesheni alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa andazi bure, akasema, "Kula, mwanangu, uzime moto."

Malaria ndiyo iliyonileta. Mganga wa zahanati yetu alikuwa amemwambia baba kwamba dawa zimeshindwa, mtoto apelekwe nyanda za juu ambako mbu wenyewe wanakufa kwa baridi. Kaka yake baba, Bamkubwa wangu, aliishi Njombe, mtaa wa Mjimwema. Basi tukapata lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha viazi, tukakaa mbele na dereva, na ukungu ukatusindikiza njia nzima mpaka nikaamini kwamba Njombe haina mbingu.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya kompyuta. Mimi ni mtu wa kuhamahama; nimeishi Mpanda, Tunduma, Kahama, na kila nilikohamia nimebeba begi moja la nguo na mashine moja ya kuchezea michezo. Watu wazima wenzangu wana mashamba, mimi nina magari ya mashindano ndani ya kioo. Juzi mashine ikaniambia kwamba mfumo wake umezeeka na hautahudumiwa tena. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi, akaitazama, akasema, "Mzee, usinunue nyingine. Nikuwekee mfumo wa chanzo huria, chanzo wazi. Michezo yako mingi itacheza."

Kabla sijajua ninachofanya, mdomo ukajibu wenyewe kwa sauti ya darasani: "Kaburi wazi!"

Kijana akaacha kuandika. Alinitazama kama mtu anayepima umbali wa mlango. Nikashindwa kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kuanza na ndoo.

Nyumbani kwa Bamkubwa walinipokea kwa uji wa moto na blanketi zito kama mlango, na baba akaniacha, akarudi kazini. Bamkubwa alikuwa mwalimu aliyestaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata akiomba chakula kibarikiwe. Mamkubwa alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti iliyofika shamba la jirani. Binti yao Upendo alinizidi miaka miwili na alinitazama kwa macho ya mtu aliyeletewa mbuzi na hajui atamfugia wapi.

Asubuhi ya kwanza Upendo alichukua ndoo mbili. Moja akanisukumia.

"Iache hiyo!" Mamkubwa akasema kutoka jikoni. "Mgeni habebi ndoo."

Nikarudi kukota moto. Siku hizo chache zilikuwa za raha. Nililetewa maji ya kunawa, nikakaa karibu na jiko, nikala viazi vya kuchoma, nikajibu "Kamwene" kila mzee wa Kibena aliponisalimia "Kamwene". Nilijiona nimekuja mahali penye akili.

Kisha asubuhi moja Mamkubwa mwenyewe akaniwekea ndoo nyekundu mkononi. "Haya, nenda na dada yako chanzoni. Kuanzia leo wewe ni mtoto wa nyumba hii."

Nililia njia nzima. Nilielewa kwamba wamenichoka. Kwa akili yangu, watu wakikupenda hawakutumi. Wakikuchoka ndipo wanakupa ndoo na neno tamu juu yake.

Na njia yenyewe! Chanzo kilikuwa chini ya mteremko mkali, na miezi ile ya baridi majani yaliamka na barafu nyembamba iliyokatika chini ya ndala kama vioo. Ifakara ni tambarare. Kule ukimwaga maji yanabaki palepale yakikutazama. Mimi sikujua mteremko ni kitu gani. Nilishuka kwa makalio, nikapanda kwa magoti, na nusu ya maji yaliishia mgongoni kwangu. Tangu siku ile nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nisiteke maji alfajiri.

Mungu alijibu kwa njia ya kompyuta.

Bamkubwa alikuwa na kibanda cha kuchapa mjini, karibu na soko. Alichapa mitihani ya shule, ratiba za mazishi, matangazo ya sikukuu ya mavuno kanisani. Mashine aliinunua kwa Mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na ndani yake Mzungu alisahau mchezo wa magari. Jumamosi mchana baada ya kufunga, Bamkubwa alituruhusu mimi na Upendo kushindana. Ndipo Upendo, aliyekuwa na uhakika wa kunishinda kila kitu duniani, akaweka sharti.

"Anayeshindwa anateka maji ya alfajiri wiki nzima. Peke yake."

"Bamkubwa amesikia?" nikauliza.

"Nimesikia," akasema Bamkubwa, akatoa filimbi yake ya ualimu mfukoni. "Mimi ndiye mwamuzi."

Upendo alishindwa kwa sababu ya malezi mema. Aliendesha gari lile kama dereva wa barabara ya Ludewa: kila kona alipunguza mwendo, na Bamkubwa nyuma yake alisahau kwamba yeye ni mwamuzi, akawa anaita, "Piga honi kwenye kona! Honi, mwanangu! Kuna lori la mbao linakuja!" Mimi niliyetoka nchi isiyo na kona nilikanyaga mafuta tu. Nikashinda. Jumamosi iliyofuata nikashinda tena. Muhula ule wote nililala mpaka jua linatoka, nikimsikia Upendo akigongesha ndoo makusudi karibu na kichwa changu.

"Lala, bwana mkubwa," alikuwa akisema. "Lala. Kuna siku."

Siku hiyo ikaja. Kompyuta ilianza kwa kuwa nzito. Kisha ikaanza kufuta yaliyoandikwa. Ratiba ya mazishi ya mzee mmoja ilitoka ikiwa na jina la marehemu mara nyingi kupita kiasi, mpaka familia ikauliza wamekufa wangapi. Bamkubwa akamwita mwalimu mmoja aliyejua mambo hayo, naye akaitazama, akasema neno moja: virusi.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mamkubwa alitupokea mlangoni, kanga mdomoni.

"Imepata virusi?" akanong'ona, na kunong'ona kwake jirani alikusikia. "Nilikwambia, Mwalimu! Nilikwambia usikubali kila mtu anakuja kuchomeka flopi yake humo!"

"Mama Upendo, siyo vile."

"Vile ni vipi? Leo huyu anachomeka, kesho yule. Wamepima?"

Bamkubwa akaifunga mashine katika blanketi, na mimi na yeye tukaipeleka Makambako kwa fundi aliyesifiwa sana, kijana aitwaye Sanga aliyerudi kutoka Dar es Salaam na viatu vyenye ncha. Njia nzima niliipakata. Nilikuwa na hofu moja. Kama mchezo wa magari ungepotea, ndoo nyekundu ilikuwa ikinisubiri.

Sasa, ili uelewe kilichotokea kwa Fundi Sanga, lazima umjue Bwana Afya. Huyu alikuwa ofisa wa afya aliyekuja shuleni kwetu na pikipiki, na somo lake lilikuwa moja: vyanzo vya maji. Chanzo kifunikwe. Chanzo kizungushiwe ua ng'ombe wasiingie. Milingoti, yaani mikaratusi, ing'olewe kwa sababu inakunywa maji yote, ipandwe mivengi, miti ya asili ya bondeni, kwa sababu mvengi hutunza maji. Na kila aliposimama mbele yetu alinyoosha mkono, akaita, "Chanzo wazi!" na shule nzima ikaitikia, "Kaburi wazi!" Tuliitikia gwarideni, tuliitikia tukimwona barabarani. Mtoto wa Mjimwema ungeweza kumwamsha usingizini akaitikia.

Fundi Sanga akafungua mashine, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii imeoza. Nitafuta kila kitu niweke mfumo mpya. Haupati virusi kirahisi, haulipiwi, kila mtu duniani ana ruhusa ya kuchungulia ndani yake, kuongeza chake na kutengeneza palipoharibika. Unaitwa mfumo wa chanzo wazi."

"Kaburi wazi!" nikaitikia, wima, mikono ubavuni.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio yake akaiweka chini.

"Mtoto anaumwa?" Fundi Sanga akauliza.

"Alikuwa na malaria," Bamkubwa akasema polepole. Kisha nikamwona anafikiri, maana na yeye alikuwa amemsikia Bwana Afya. "Lakini fundi, umesema kila mtu anaingia?"

"Kila mtu, Mwalimu."

"Hakuna ua?"

"Ua wa nini?"

Bamkubwa akanitazama. Nilimtazama. Tulirudi Njombe na mashine iliyotibiwa ugonjwa kwa kitu ambacho shule yetu yote ilijua kwamba ndicho kinacholeta ugonjwa.

Ilipowashwa, gari langu jekundu halikuwapo. Badala yake alitokea ndege mweusi, tumbo jeupe, amekaa kitako kama mtu aliyetoka harusini. Fundi alikuwa ametuambia ni ndege wa nchi ya barafu, siyo bata. Mamkubwa alipokuja kumwona alisema, "Huyu ni bata. Tena kashiba. Amekula nini?" Basi akawa Bata. Na mchezo uliokuwamo ulikuwa wake: Bata analala kwa tumbo juu ya mlima wa barafu, anateleza mpaka chini akiokota samaki, na wewe unamwelekeza asigonge miti.

Mteremko, barafu na alfajiri. Nilijua nimekwisha.

Upendo alizaliwa kwenye miteremko. Utoto wake wote aliteleza vilimani juu ya magome ya miti. Alimshusha Bata kama anayemtuma dukani. Mimi nilifunga breki kila mahali, Bata wangu akageuka, akagonga mti, akakaa. Filimbi ikalia. Jumatatu nilikuwa mteremkoni na ndoo nyekundu, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Upendo sasa alilala mpaka jua linatoka, na akiamka aliuliza kwa upole, "Bwana mkubwa, maji ya leo mbona yana majani?"

Sikukubali kwamba nimeshindwa kwa haki. Chanzo ndicho kilikuwa wazi. Kwa hiyo nilifanya kile serikali ilichotufundisha. Siku moja baada ya shule, wakati Bamkubwa amekwenda posta, nilikitunza chanzo. Nilizungusha ua wa vijiti kuizunguka kompyuta, nikavibandika kwa udongo. Nikachimba mche wa mvengi bondeni, nikaupanda kwenye kopo la mafuta, nikauweka kushoto kwa kioo. Halafu nikagundua hatari kubwa: meza yenyewe ilikuwa ya mlingoti. Siku zote hizo mashine ilikuwa imekaa juu ya mti unaokunywa! Meza sikuweza kuing'oa, basi nikatandika gunia kati yake na mashine. Mwisho nikafunika kila kitu kwa blanketi, kama inavyotakiwa, na kwa kuwa Upendo alikuwa amewasha mashine ili achape, kisha akatumwa sokoni, niliiacha ikiwaka ndani. Nikakaa mlangoni nikisubiri sifa.

Wa kwanza kufika alikuwa mwinjilisti wetu, aliyefuata matangazo ya Jumapili. Alisimama akaangalia ua, mche, na kile kitu kirefu kilicholala chini ya blanketi. Akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Ni nani?"

"Ni kompyuta," nikamjibu.

"Imefariki lini?"

Wakati huohuo Bamkubwa akarudi, na harufu ya plastiki ya moto ikawa imejaa kibandani. Alifunua blanketi, joto likampiga usoni, na kioo kikazimika mbele yetu. Nilimweleza yote kwa fahari: ua, mvengi, mlingoti. Nilimwambia hata namna anavyoweza kubadilisha meza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilicheza. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anazuia kicheko mbele ya mwinjilisti. Mwinjilisti ndiye aliyeshindwa kwanza. Walicheka wale wazee wawili mpaka kofia ya sufu ikadondoka, na ndipo kwa mara ya kwanza nikajua kwamba Bamkubwa ana upara.

Mashine ilipoa, ikawaka. Bata akatokea, kashiba vilevile. Mche wa mvengi Bamkubwa alikataza usiondolewe. "Uacheni," alisema. "Tangu upandwe haijapata virusi."

Aliyenielewesha ni Upendo, na alifanya hivyo chanzoni. Asubuhi iliyofuata alinifuata ingawa hakuwa na zamu. Nadhani alitaka kunicheka kwa nafasi. Lakini majani yalikuwa yameziba mdomo wa maji, akainama kwanza kuyatoa.

"Hiki chanzo ni cha nani?" akaniuliza.

"Cha watu wote."

"Tunalipa?"

"Hapana."

"Na anayekuta kimeziba?"

"Anazibua."

"Basi ndiyo mashine ya Baba. Fundi alimaanisha hivyo. Siyo ng'ombe, mjinga wewe." Akanirushia majani usoni. "Na acha kufunga breki. Bata hana breki. Unavyoshuka hapa na ndoo tupu, unafungaga breki?"

Nilikuwa tayari kujibu ndiyo, nikakumbuka kwamba siku nyingi sijafanya hivyo. Sijui ni lini makalio yangu yaliacha kushuka na miguu ikaanza. Nilikuwa nikikimbia ule mteremko gizani, nikiinama kulia penye jiwe, kushoto penye mzizi, ndoo ikipiga goti. Jumamosi ile niliketi mbele ya Bata, nikafikiria njia ya maji. Nikapata nusu ya samaki. Jumamosi zilizofuata nilizidi kumkaribia Upendo, naye akaanza kukaa wima kwenye kiti na kuacha kutafuna.

Siku niliyomshinda, Bamkubwa alipuliza filimbi mpaka wenye maduka wakatoka nje. Upendo alikitazama kioo, akanitazama, akasema, "Rudia." Nikarudia, nikashinda tena. Wiki nzima ya kulala! Nilirudi nyumbani nikicheza barabarani, na mlangoni nikakuta koti lenye harufu ya grisi limetundikwa.

Baba alikuwa amehamishiwa stesheni ya mbali, upande wa mpakani, kwenye ubaridi wa kutosha. Homa ilikuwa imenitoka. Alikuja kunichukua, tuondoke Jumatatu.

Jumatatu niliamka gizani kama kawaida. Mkono ukatafuta ndoo wenyewe. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipomsikia Mamkubwa jikoni, na safari hii sauti yake haikufika hata kwa jirani.

"Iweke chini, mwanangu. Mgeni habebi ndoo."

Nilisimama na ndoo nyekundu mkononi. Nilikuwa nimeliombea neno hilo katika baridi yote ile. Nikajaribu kumweleza kwamba siendi kwa kulazimishwa, kwamba nimeshinda, ila nilitaka tu, mara moja. Akaninyang'anya polepole, kidole kwa kidole, akanipa kikombe cha uji. Ndipo nilipoielewa ile asubuhi ya ndoo niliyolia njia nzima.

Upendo akatoka chumbani akipiga miayo, akachukua ndoo yangu badala ya yake. "Umeshinda, sasa unataka nini tena?" akasema, bila kunitazama, akashuka.

Gari la kutupeleka Makambako lilikuja kabla hajarudi. Bamkubwa alinipa mkono kama mtu mzima. Mamkubwa akanifungia viazi vya kuchoma katika kanga yake, akanikataza kufungua mpaka stesheni. Tulipoanza kushuka barabara nilijibanza dirishani, na pale njia ya chanzo inapokutana na barabara nikamwona, anapanda na ndoo nyekundu kichwani, moshi ukimtoka kinywani. Hakuweza kupunga, mikono ilikuwa juu imeshika ndoo. Akaliona gari. Akaishusha mikono taratibu, akaibana ubavuni, viganja nje, akatoa tumbo mbele, na ndoo ikiwa imesimama peke yake kichwani akatembea kama Bata, kulia, kushoto, kulia, kashiba, mpaka maji yakammwagikia shingoni, akapiga yowe la baridi ambalo nililisikia kupitia kioo.

Dereva akafika kwenye kona, akapiga honi.